Mioto Miwili Uani kwa Mama Mkubwa

Siku ya tatu baada ya kumzika Mama Mkubwa Leokadia, tukiwa bado tumekaa mikekani uani kwake Kilakala, mtoto wa dada yangu, Karimu, alinisogelea na simu mkononi. Karimu ni mpishi katika hoteli moja ya Dar es Salaam, na kijana akishavaa ile kofia ndefu nyeupe huwa haachi kufundisha watu. Akanionyesha picha ya ubao uliopangwa vipande vyembamba vya nyama, jibini na zabibu, akasema, "Mama mdogo, hii ndiyo biashara ya mjini sasa. Inaitwa charcuterie. Ni Kifaransa." Nikacheka. Nilicheka msibani, watu wakageuka, shemeji yangu mmoja akanikata jicho. Lakini ningefanyaje? Neno lile nililisikia kwa mara ya kwanza papo hapo tulipokaa, karibu na bomba, kutoka kwa mwanamke wa Kiluguru aliyejifunga khanga kifuani na kushika kisu cha kuchambulia nyama, naye hakulisema kwa madaha ya hotelini. Alilitaja kwa heshima, jinsi Wakristo wenzake wanavyotaja ubatizo. Nikamwambia Karimu, "Kaa chini, mwanangu. Huyo tuliyemzika juzi ndiye alikuwa bingwa wa hilo neno, na nusura likose mrithi." Akakaa. Nikamsimulia yale ninayoyasimulia hapa, ila kwake niliyafupisha, maana chai ilikuwa inapoa.

Habari za Gairo, za baba na mama na magunia yao ya karanga, naziruka. Kila mtu ana Gairo yake. Nilikuwa nimemaliza shule, matokeo yakawa ya kunihurumia, na nyumbani wakaanza kunitazama kwa jicho la kuuliza nitaolewa lini. Ndipo Mama Mkubwa alipoagiza kwa mdogo wake, yaani mama yangu: anataka binti wa ukoo aje amrithishe kazi. Hakujaliwa mtoto. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kuvimba na kukakamaa asubuhi, na kazi yake ilikuwa ya vidole. Yeye tangu kigori alilelewa na masista huko juu misheni, kwenye miteremko ya Uluguru, wakambatiza, na sista mmoja wa Kizungu akamfundisha kutia nyama chumvi, kuikanda kwa viungo, kuijaza kwenye utumbo na kuibanika kwa moshi wa kuni za mpera mpaka ikae siku nyingi bila friji. Alipoteremka mjini akaifanya ndiyo riziki. Wenye hoteli walimjua, mafundi wa kiwanda cha Mzinga walimjua, na wanakwaya wa kigango chake walimjua kuliko wote. Tatizo lilikuwa moja, nalo lilikuwa na miguu minne. Nyama yake kuu ilikuwa nguruwe, na mimi, Zuhura, ni Mwislamu mtoto wa Waislamu.

Kwetu Waluguru ukoo unafuata mama, na neno la mjomba ndilo linalofunga kikao. Mjomba wetu alikuwa Shabani, mdogo wake Mama Mkubwa na kaka yake mama yangu, mtu wa swala tano na mchinjaji wa mtaa mzima. Watu wa mbali huwa hawaelewi jambo hili, lakini Morogoro yetu ilikuwa hivyo na bado iko hivyo: Mkristo akiwa na shughuli, humwita Mwislamu amchinjie, ili majirani wote waweze kula. Hata mbuzi wa Mama Mkubwa walichinjwa na Mjomba. Alikuja asubuhi, akapiga bismillahi, akachinja, akanawa, akaketi na dada yake wakasengenya mtaa hadi jua likapanda. Lakini kula, hapana. Nyumbani kwa dada yake Mjomba Shabani alikunywa soda ya chupa, tena aliyoifungua mwenyewe. Mama Mkubwa alikuwa anamnunulia na kuziweka chini ya kitanda. Hakuna aliyegombana na mwenzake kwa ajili hiyo. Ila nilimwona Mama Mkubwa, kila Mjomba alipoaga, akiichukua ile chupa tupu na kuisuuza polepole kuliko ilivyohitaji kusuuzwa.

Kikao changu kilifanyika sebuleni kwake, chumba chenye makochi yaliyovikwa vitambaa vya kufuma, ukutani Moyo Mtakatifu, na kando yake kalenda ya msikiti ambayo Mjomba alimletea kila mwaka naye akaitundika bila kinyongo. Mimi niliambiwa nikae ukumbini. Nikakaa, nikategesha sikio.

"Dada, kazi yako siibezi," Mjomba alisema. "Lakini mtoto huyu ataigusaje?"

"Atagusa mbuzi. Atagusa ng'ombe. Huyo mwingine nitamgusa mimi, nimemgusa miaka yote hajaniuma."

"Na wewe utamfundishaje bila kugusa vyake?"

"Nitasema. Si huwa mnalalamika kwamba nina mdomo?"

Mjomba alicheka, nikajua mambo si mabaya. Kisha akakohoa, na sauti yake ya kijomba ikaja. "Sikiliza basi. Mwajuma wangu anaolewa mwakani, mfungo ukishaisha. Soseji na nyama ya kubanika ya walima itoke mkononi mwa Zuhura, hapa hapa uani kwako. Nikiweza kuila bila shaka moyoni, mtoto ni wako, na kazi ni yake, na mimi mwenyewe nitamtetea kwa baba yake. Nikiwa na shaka hata chembe, anarudi Gairo, na hatutazungumza tena habari hii."

Nilisikia Mama Mkubwa akivuta pumzi. "Utakula mbele ya watu?" akauliza.

"Nikila, nitakula mbele ya watu."

Kesho yake Mjomba akaja na toroli la matofali ya kuchoma. Akayapanga mstari katikati ya ua, kutoka ukuta wa choo hadi kwenye mti wa mpera, akajifuta jasho na kutangaza kwamba ule ndio mpaka. Upande wa kushoto wa Mama Mkubwa, kulia kwangu. Kila upande meko yake, uchanja wake wa kubanikia, pipa lake la moshi, beseni lake, kisu chake, ubao wake. Vyombo vyangu vilifungwa uzi mwekundu mshikioni. Mimi nikapewa upande upepo unakotokea, ili moshi wangu uende kwake na wake usije kwangu. Mjomba alilowesha kidole na kukiinua juu kama baharia, na Mama Mkubwa akamwambia, "Shabani, huo upepo umeshausomesha dini?" Lakini masharti aliyashika. Tulipopika chakula chetu cha kila siku tulitumia jiko langu, na yeye mwenye nyumba akala kwenye sahani zangu. Ugali, mlenda, dagaa, Jumapili kuku. Nyama ya upande wake alikula peke yake, amenipa mgongo kwa adabu, na mpaka leo sijui alikuwa ananistahi mimi au anajificha asionekane anavyoifurahia.

Sasa mfikirie mwalimu wa namna hiyo. Kazi za mikono zinafundishwa kwa kushikwa mkono, na yeye hakuruhusiwa kunishika. Basi tuliketi kwenye vibao, uso kwa uso, matofali katikati. Alilofanya yeye kwenye nyama yake, nililifanya mimi kwenye nyama yangu. Yeye akikata, nakata. Yeye akikanda, nakanda. Na mdomo wake haukukauka. "Usiikate kama unaikomoa. Fuata mshipa, nyama ina njia zake." "Karafuu mbili, nimesema mbili, hizo ni karafuu, si njugu." Nyama ya soseji ilinitoa machozi. Inatakiwa ikandwe hadi ishikane, na kushikana kwenyewe hakuonekani kwa macho. Mkono ndio unaojua. Yeye aliamua kuifundisha kwa masikio. "Ipige kwenye beseni nisikie," aliniambia. Nikaipiga. "Hiyo bado ni tope. Nataka ilie kama kofi la mama mkwe." Nikakanda, nikapiga, nikakanda, mabega yakawaka moto. Siku ilipolia sawasawa sikuambiwa na mtu. Niliisikia mwenyewe, nikainua kichwa, naye alikuwa ameshaweka kisu chini, ananitazama huku akitabasamu. Nilifurahi kuliko siku yoyote ya shule.

Kuonja kulikuwa kwa upande mmoja. Yeye alionja yangu, mimi sikuonja yake, kwa hiyo sikuwa na mfano wa kufuata. Nilimtaka anieleze ladha ya ile bora, ile ya Sista, na maskini alijitahidi. "Ya kwako ina haraka," alisema. "Inakuja yote mdomoni mara moja, halafu inakuacha. Ile nyingine inabisha hodi kwanza." Nikamuuliza hodi inabishwa kwa kiungo gani. Akafikiri sana, akasema ni kwa kuacha nyama ilale na chumvi yake usiku kucha kabla ya kuiharakisha motoni. Leo nina duka langu mjini, nina friji tatu na mashine ya kusagia, na vijana ninaowafundisha naweza kuwashika mikono. Hata hivyo nawaambia wafumbe macho wasikilize beseni. Wananiona nimezeeka vibaya.

Lakini Mama Mkubwa hakuwa na amani, na sababu yake niliisikia mlimani. Katikati ya mwaka, mvua zikiwa zimekatika, alinipeleka misheni kumwona Sista Odilia, yule aliyemfundisha, ambaye sasa alikuwa mzee sana na hatoki. Tulipanda asubuhi nzima kati ya mashamba ya kabichi na karoti, akina mama wakishuka na vikapu kichwani, kila mmoja akisalimiwa kwa jina na kuulizwa habari za kila aliyemwacha nyumbani, nikidhani hatutafika. Jikoni kwa masista kulikuwa na baridi ya mtungini. Meza ndefu ya mbao iliyosuguliwa mpaka ikabonyea katikati, kulabu darini, na harufu ya moshi wa miaka mingi uliokwishaingia ukutani. Nilimwamkia Sista shikamoo, akaitika kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kiluguru kuliko yangu. Akanitazama ushungi wangu, akaenda mwenyewe na mkongojo kuniletea mayai mawili ya kuchemsha, hayajamenywa, na ndizi mbili. Nilimpenda hapo hapo. Yai lenye ganda na ndizi yenye ganda havina swali kwa mtu yeyote.

Nilikuwa nje kibarazani namenya yai la pili, dirisha liko wazi, nikamsikia Mama Mkubwa akisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtoto. "Sista, ninamdanganya yule binti. Namwambia namrithisha kazi, kumbe namfundisha nusu. Charcuterie ni nguruwe, wewe mwenyewe uliniambia. Mtu asiyemgusa nguruwe nitamwachia nini? Nikifa, kazi yako imekufa."

Nikasikia mkongojo wa Sista ukigonga sakafu. "Leokadia, neno hilo unajua lilikotoka? Ni maneno mawili yaliyoshonwa pamoja. La kwanza ni nyama, nyama ya mwili. La pili ni iliyopikwa. Basi. Mfaransa wa leo ukimtajia atafikiria nguruwe, ni kweli, ndivyo wanavyolitumia. Lakini nguruwe aliingia humo kwa sababu kwetu ndiye aliyekuwepo kila ua, anakula makombo, baridi ikikaribia anachinjwa ili watu wapate cha kula mpaka jua lirudi. Kama kwetu kungekuwa na mbuzi kila ua, wangemweka mbuzi chumvi."

"Nyama iliyopikwa," Mama Mkubwa alisema. "Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Tena zamani sana, katika mji wao mkuu, wapishi hao walikuwa na chama na masharti yake. Kazi yao ilikuwa kupika. Nyama mbichi ilibidi wainunue kwa wachinjaji, kuchinja kulikuwa kwa wengine. Na Kwaresima ikifika, nyama marufuku, wakauza samaki wa chumvi. Nani aliyewaambia samaki si kazi yao? Ulichojifunza kwangu ni chumvi, moshi na mikono. Na kungoja. Kungoja ulichelewa kujifunza."

Nilisikia Mama Mkubwa akicheka na kupenga kamasi kwa pamoja. Tulipokuwa tunateremka, mji ukaonekana chini, mabati yakimetameta. Akasimama, akajishika kiuno. "Zuhura, nilikuwa nakufundisha kwa kukuhurumia. Kuanzia kesho sikuhurumii." Na kweli hakunihurumia tena. Jioni ile Mjomba alisimuliwa habari yote, ya neno na ya chama na ya wachinjaji, akaishikilia chupa yake ya soda hewani, akatafakari. "Kumbe na wao walikuwa na Shabani wao," akasema. Akajisikia vizuri kwa wiki nzima.

Basi mfungo ukaja, ukaisha, Idi ikapita, harusi ya Mwajuma ikasogea. Mjomba alichinja mbuzi watatu asubuhi ya Alhamisi. Nyama ikalala na chumvi. Ijumaa tangu jua halijachomoza nilikuwa upande wangu, na Mama Mkubwa upande wake, maana naye alikuwa na oda ya watu wa Mzinga na hakutaka kuwaangusha. Nilikuwa na woga wa mwanafunzi siku ya mtihani. Mwaka wote ulikuwa ndani ya beseni lile. Nikifaulu, nabaki kwenye ua ule ambao nilikuwa nimeupenda kuliko kwetu. Nikishindwa, karanga za Gairo. Na si mimi tu. Nilijua, bila kuambiwa, kwamba kama ningeondoka Mama Mkubwa asingetafuta mtu mwingine. Nilikanda, nikapiga, nikaenda bombani kuosha utumbo kwa ndimu kabla ya kuujaza. Niliporudi yeye alikuwa kibaoni kwake. Nikajaza, nikafunga kwa uzi, nikatundika, nikawasha mpera, na moshi ukapanda vizuri, mwembamba na wa kibuluu.

Kitu kimoja tu nilikiona. Mama Mkubwa siku ile alikuwa kimya. Oda yake aliiacha nusu. Alinawa mikono, akakaa, akanawa tena. Mchana nilimpakulia ubwabwa hakuula, akachukua rozari akaenda kukaa chumbani mlango wazi. Nikadhani ni vidole vinamuuma.

Baada ya alasiri Mjomba akaja na akina mama watatu wa shughuli na sinia zao kuchukua nyama ya kubanika. Soseji zilikuwa zimening'inia kwenye uchanja, nyekundu za kung'aa, mafuta yanadondoka motoni yakilia. Mmoja wa wale akina mama akasema mashallah. Mjomba akazizunguka akiwa ameweka mikono nyuma, anajaribu kutoonyesha furaha, na masharubu yake yanamsaliti. Ndipo Mama Mkubwa alipotoka chumbani. Akaja akasimama upande wake wa matofali.

"Shabani, msichukue."

"Kwa nini?"

"Nimezitia mkono." Akaonyesha mkono wake wa kulia kana kwamba ulikuwa wa mtu mwingine. "Asubuhi. Zuhura alikuwa bombani. Nilisikia jinsi alivyoipiga ile nyama mara ya mwisho, nikasema moyoni, imemshikania huyo mtoto, imeshikana kweli. Nikataka kuijua. Nikanyanyuka, nikavuka, nikautumbukiza mkono beseni kabla akili haijafika. Mkono uliotoka kwa yule." Akaushusha mkono. "Mungu ananiona, tangu asubuhi nataka kunyamaza."

Sikumbuki kama nililia. Nakumbuka mafuta yalidondoka, yakalia, yakadondoka. Mmoja wa akina mama akasema chini chini, "Si tulisema?" na mwenzake akamfinya. Mjomba akavuta kibao changu akaketi.

"Nani alikuona?"

"Hakuna."

"Zuhura?"

"Alinipa mgongo. Hajui hata sasa, mtazame."

"Na ungenyamaza?"

"Ungekula," Mama Mkubwa akasema. "Ungekula, ningempata mtoto, na kila nikikuona ukicheka ningejua nimekulisha nini. Mpeleke Gairo. Mkono wangu umeshazoea njia zake, haufundishiki."

Mjomba alitazama matofali yake. Mimi nilishamwona akikasirika, na nilingoja hasira hiyo. Lakini aliposema alisema taratibu, kwa ile sauti waliyokuwa wakisengenyea mtaa. "Dada, nilisema nitakula nikiwa sina shaka moyoni. Mwaka mzima nimekuja hapa kukagua matofali, na upepo, na nyuzi nyekundu, na kila siku nilirudi nyumbani na shaka yangu. Leo ndiyo imeisha. Mtu aliyenizuia kula hawezi kunilisha kisichofaa." Akanyanyuka. "Ng'ombe wa pilau yupo, watu hawatalala njaa. Mbuzi naleta alfajiri."

Zile soseji akazitoa sadaka kwa wanakwaya, waliokuwa na mazoezi jioni ile. Ninaambiwa Jumapili waliimba kwa nguvu isiyo ya kawaida.

Alfajiri alikuja na mbuzi wawili na debe la udongo mwekundu. Beseni jipya alinunua, ubao mpya pia, lakini mkono wa dada hauuzwi dukani. Kwa mafundisho yetu, kilichoguswa na nguruwe kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Angeweza kumwachia aoshe mwenyewe. Badala yake alikunja mikono ya kanzu, kanzu ya harusi ya binti yake, akashika kata akamwagia maji dada yake, akihesabu kwa sauti. Mama Mkubwa alikuwa ameinama, amejaa udongo mpaka viwikoni.

"Shabani, wewe nimekuogesha ukiwa uchi, unalia kama ndama. Leo unanihesabia maji?"

"Nne. Geuza mkono."

"Ulikuwa unaogopa sabuni."

"Tano, dada. Tulia."

Alipomaliza, Mama Mkubwa alijifunga khanga safi, akavuka matofali, akakaa kando yangu kwa mara ya kwanza tangu nilipofika. Oda ya Mzinga ilisubiri, na safari hii nyama haikupata usiku wake wa chumvi. Akaishika mikono yangu ndani ya nyama akaisukuma, akaigeuza, akaniminya kidole gumba mahali pake. Vidole vyake vilikuwa vimevimba na vya moto. Mambo ambayo alishindwa kuyasema mwaka mzima niliyapata asubuhi ile moja, na nililia waziwazi, machozi nikayafuta kwa bega nisiharibu nyama. Aliendelea na nguruwe wake upande wa pili mpaka magoti yalipomkataa, miaka mingi baadaye, wala Mjomba hakumwambia aache. Ila toka siku ile, kabla ya kuja upande wangu, aliosha mikono kwa udongo bila mtu wa kumhesabia.

Harusini kwa Mjomba watu walijaa turubai zima. Pilau ilikuwa imeshapakuliwa tulipofika na masinia ya kubanika, bado yanafuka. Mama Mkubwa hakutaka kuingia mbele, akasimama mlango wa jikoni na mimi nyuma yake, na yule mama wa "si tulisema" karibu yetu akingoja kuona. Mjomba Shabani alilisogeza sinia la kwanza mbele yake, akanyoosha mkono akazuia wengine. Akasema bismillahi ya kusikika. Akakata kipande, akatia mdomoni, akatafuna kwa muda niliouona mrefu kuliko mwaka wenyewe. Akameza. Akachukua kingine, akakimaliza nacho. Kisha akageukia mlango wa jikoni.

"Dada Leokadia," akaita mbele ya wakwe na mashehe, "pilipili manga imezidi kidogo."

Watu wakacheka, masinia yakaanza kuzunguka. Mama Mkubwa alijigeuza akaegemeza paji la uso ukutani, khanga mdomoni, mabega yanatikisika. Niliogopa. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Mama Mkubwa, usijali, nitapunguza."

"Usipunguze," akasema. "Mdogo wangu ana mvi kichwani, Zuhura, na leo ndiyo mara yake ya kwanza kulalamikia chakula kilichotoka nyumbani kwangu."